Roki Ndefu na Masikio ya Korogwe

Roki ya progresivu ni tawi la muziki wa roki lililochipuka Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960. Wanamuziki wake walichoshwa na wimbo wa dakika tatu. Wakaurefusha, wakaugawa sehemu, wakabadili mapigo katikati, wakaingiza filimbi, fidla na vinanda vya kila aina kando ya magita ya umeme, na wakaifanya albamu nzima kuwa kazi moja ya kusikilizwa kuanzia mwanzo hadi mwisho. King Crimson walitoa albamu yao ya kwanza, In the Court of the Crimson King, mwaka 1969. Mwaka 1972 Jethro Tull walitoa Thick as a Brick, wimbo mmoja uliojaza pande zote mbili za santuri, na Yes wakatoa Close to the Edge, ambayo wimbo uliobeba jina lake una zaidi ya dakika 18. Metali ni mdogo wake mwenye hasira. Ilizaliwa Birmingham, mji wa viwanda, kwa albamu ya kwanza ya Black Sabbath ya Februari 1970. Tangu miaka ya 1980 matawi hayo mawili yamechanganya damu, na bendi kama Dream Theater na Tool za Marekani au Opeth ya Uswidi hudaiwa na pande zote mbili.

Muziki huu una wasikilizaji Korogwe na Handeni, ingawa si wengi. Kauli inayotawala juu yao ni fupi: huo si muziki wetu. Husemwa kijiweni Manundu na husemwa mnadani Handeni, na maelezo yake hayabadiliki. Ni muziki wa Wazungu, ni makelele, nyimbo haziishi, hauchezeki, Kiingereza chake hakieleweki, na nyuma yake wamo Freemason. La kushangaza ni kwamba mpenzi wa roki mwenyewe mara nyingi anaikubali kauli hiyo, ila anaigeuza kuwa sifa. Naye anaamini kwamba muziki huo si wa kwao, na kwa sababu hiyo anajiona amewapita majirani wanaocheza singeli. Anayeubeza na anayejivunia wamesimama juu ya dhana moja. Dhana hiyo haina msingi katika historia ya muziki wa Afrika Mashariki, na katika mkoa wa Tanga ina msingi mdogo zaidi kuliko kwingine.

Hoja ya ugeni ndiyo nyepesi kuliko zote, na wilaya hizi mbili zilipaswa kuwa za mwisho kuitoa. Korogwe imejengwa na mkonge, na mkonge ni mmea wa Meksiko. Ulifika mwaka 1893, pale Mjerumani Richard Hindorf alipoleta miche ambayo 62 tu kati yake ilinusurika safari na kupandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Mahindi yanayoilisha Handeni nayo yalitoka bara la Amerika. Hakuna mkulima anayeyaita ya Wazungu. Katika muziki mambo ni hayohayo. Gita, tarumbeta, saksafoni na drams za muziki wa dansi zilitoka ng'ambo, na rumba yenyewe iliingia Afrika kwa santuri za GV zilizobeba muziki wa Kuba, ikazungukia Kongo, ndipo ikatulia Dar es Salaam na Tanga. Fidla na kanuni za taarab zilivuka bahari pia. Black Star Musical Club ya Tanga ilipoingiza gita la umeme na besi katika taarab, hakuna aliyeitangaza taarab kuwa ya Wazungu. Watu walicheza, na vikundi vingine vikaiga. Kama ni umeme unaosumbua, basi ikumbukwe kwamba umeme wa ukanda huu ni wa Mto Pangani. Kituo cha Hale, chenye uwezo wa megawati 21, kilianza kuzalisha mwaka 1964, na kimo ndani ya wilaya ya Korogwe.

Ugeni wa roki, basi, haukutokana na asili ya vyombo vyake. Ulitangazwa, na tarehe zake zinajulikana. Tarehe 10 Desemba 1962, alipolihutubia Bunge kama Rais wa kwanza wa Jamhuri, Julius Nyerere alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa, na akasikitika kwamba wasomi walijua kucheza rumba, chachacha, twisti na rokenroli huku wengi wao hawajui gombesugu wala lelemama. Hoja yake ilikuwa ya haki dhidi ya shule ya kikoloni iliyomfundisha mtoto kuona aibu kwa ngoma za babu yake. Waliomfuata wakaifanya amri. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana, na Novemba 1969 muziki wa soul ukapigwa marufuku Dar es Salaam. Kijana mwenye gita la kukoroma akawekwa fungu moja na mawigi.

Lakini orodha ya mwaka 1962 ilianza na rumba. Rumba ilisamehewa. Haikupita muda vyombo vya umma vyenyewe vikawa na bendi za dansi: Chama cha Wafanyakazi kikawa na NUTA Jazz tangu 1964, Polisi na Jeshi la Kujenga Taifa wakawa na zao, na mwaka 1978 ikaundwa Mlimani Park, ambayo Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC, lilikuja kuimiliki. Roki haikupata mlezi wa namna hiyo. Tofauti iliyobaki masikioni mwa watu, kwamba rumba ni ya nyumbani na roki ni ya ugenini, ni tofauti ya aliyelipwa mshahara na asiyelipwa.

Jirani wa kusini anathibitisha hilo kwa njia ya kinyume. Zambia nako kulikuwa na siasa ya utamaduni wa taifa, na Rais Kenneth Kaunda anakumbukwa kwa agizo kwamba asilimia 95 ya muziki wa redio uwe wa Kizambia. Huko agizo hilo liliikuza roki, kwa kuwa vijana wa miji ya shaba waliitikia kwa kupiga roki ya kwao wenyewe. WITCH walitoa Lazy Bones!! na Amanaz wakatoa Africa, zote mwaka 1975, albamu ambazo leo zinatafutwa na wakusanyaji wa London na Los Angeles. Nia ya siasa za nchi hizo mbili ilikuwa moja. Upande mmoja roki ikawa ya wenyeji, upande wa pili ikawa ya wageni, na mapigo ya muziki wenyewe hayakuwa tofauti hata kidogo.

Na Tanzania yenyewe haikukosa watu wa kazi hiyo. Sunburst, bendi ya Dar es Salaam ya miaka ya 1970, ilichanganya roki, fanki na melodia za Kiswahili, ikarekodi albamu yake Ave Africa nchini Zambia mwaka 1976. Kwamba bendi ya Kitanzania ilikwenda Zambia ili ipate kutoa albamu moja ni jambo linaloeleza mengi. Kampuni ya Strut ya London iliirudisha sokoni mwaka 2016, miaka 40 baadaye. Sikio la leo litaona kwamba kinanda chake na gita lake lenye kukoroma havikuiga mtu. Ni albamu isiyolingana ubora kutoka wimbo hadi wimbo, lakini nyimbo zake bora zinasimama karibu na chochote cha Zambia ya wakati huo.

Zaidi ya hapo yupo Patrick Balisidya, mzaliwa wa mkoa wa Dodoma, kiongozi wa Afro 70, bendi iliyoiwakilisha Tanzania katika tamasha la FESTAC mjini Lagos mwaka 1977. Mwishoni mwa muongo huo alikwenda Uswidi, na huko Afro 70 ikashirikiana na Archimedes Badkar katika albamu iliyopewa jina la Kiswahili, Bado Kidogo. Archimedes Badkar walikuwa kundi la roki ya progresivu, tena la mrengo wa majaribio. Albamu hiyo inastahili kutajwa mbele ya kila anayesema Mtanzania na roki ya progresivu hawajawahi kukaa meza moja. Wapenzi wa roki wa Tanga wanaoweza kutaja kwa moyo kila mpiga drams wa Yes hawaitaji. Wanajua orodha za Waingereza, na Waingereza hawakuiweka.

Jina la Freddie Mercury hutajwa sana katika mabishano haya, na kwa kawaida hutajwa vibaya, kama picha ya ukutani ya kuvutia watalii. Farrokh Bulsara alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946, akasoma India, akarudi Unguja mwaka 1963, na familia yake ikahamia Uingereza baada ya Mapinduzi ya 1964. Kumfanya ushahidi kwamba roki ni ya Waswahili ni kuvuta kamba kupita kiasi. Muziki wake haukupigwa Mji Mkongwe. Kinachofaa kusemwa ni kidogo zaidi na cha hakika zaidi. Queen II ya mwaka 1974 ni albamu ya progresivu kwa kila kipimo, bora kuliko wanavyokubali wanaoiona Queen kama bendi ya viwanja vya mpira, na Bohemian Rhapsody ya mwaka 1975 ni wimbo wa sehemu sehemu usio na kiitikio kinachorudi. Ndani yake limo neno ambalo kila mtoto wa chuoni Korogwe hulitamka kabla ya kutia tonge mdomoni.

Hoja ya pili, kwamba nyimbo haziishi na msikilizaji wa huku hana subira nazo, ndiyo inayosemwa kwa kujiamini zaidi na ndiyo iliyo dhaifu zaidi. Msikilizaji wa mkoa wa Tanga amelelewa na nyimbo ndefu. Wimbo wa dansi wa Kitanzania una sehemu mbili zinazojulikana hata kwa asiyejua kupiga chombo. Kwanza huja mashairi kwa mwendo wa pole: mwimbaji anaeleza kisa, wenzake wanaitikia, gita la solo linajibu kati ya beti. Kisha drams zinabadilika, rithimu inakaza, mapulizo yanaingia, na wimbo unachemka. Bendi zilitambulika kwa mtindo wa sehemu hiyo: Mlimani Park kwa Sikinde, jina lililotoka kwenye ngoma ya Wazaramo, NUTA na warithi wake kwa Msondo, Orchestra Maquis kwa Kamanyola. Mlimani Park ya kina Muhiddin Maalim Gurumo, Hassani Bitchuka na Michael Enoch ilifanya badiliko hilo kuwa sanaa ya hali ya juu. Nyimbo zilizorekodiwa Redio Tanzania Dar es Salaam zilikuwa ndefu tayari, na ukumbini ziliendelea kadiri wachezaji walivyotaka. Mtu aliyeshinda na muziki huo hawezi kuambiwa kwamba dakika 18 za Yes zitamshinda kwa urefu.

Anachokikuta katika Close to the Edge ni kitu anachokijua. Mwanzo una vurugu ya makusudi, beti zinakuja, katikati kuna utulivu wa kinanda kama wa kanisani, na mwisho kila kilichotangulia kinarudi kikiwa kimechemka. Hapo ndipo penye kipimo ambacho orodha za Ulaya hazina na sikio la dansi linacho. Sehemu ya pili ya wimbo mrefu ni deni la sehemu ya kwanza, na chemko lisilolipa kitu ni kelele tu. Kwa kipimo hicho Close to the Edge inalipa. Tales from Topographic Oceans, albamu ya Yes iliyofuata mwaka 1973 na iliyotandaza nyimbo nne juu ya pande nne za santuri, hailipi. Ina robo saa kadhaa nzuri zilizopotea katika saa nzima ya kupapasa. Wanaosema nyimbo za progresivu haziishi wangekuwa na ushahidi mzuri kama wangeitaja albamu hiyo. Kwa kuwa hawaijui, wanalaumu zote.

Utaulizwa kwa nini, ikiwa nyimbo ndefu zilikuwepo, albamu za namna ya Thick as a Brick hazikuwepo. Jibu liko viwandani, mbali na masikio ya watu. Tanzania haikuwa na kiwanda kinachofanya kazi cha kutengeneza santuri, na nyimbo zilizotoka kwa santuri zilikandamizwa Nairobi. Nyingi zilitoka kwa santuri ndogo za mizunguko 45, wimbo ukikatwa katikati: sehemu ya kwanza upande mmoja, sehemu ya pili upande mwingine, na msikilizaji anainuka kuigeuza pale ambapo gita lilikuwa linaanza kunoga. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani ikivunjika, hata njia hiyo ikawa nyembamba. Kazi kubwa za dansi zikabaki kwenye kanda za redio. Anayetazama kabati la santuri na kukuta halina albamu, kisha akahitimisha kwamba watu wa nchi hii hawakuwaza muziki kwa kiwango cha albamu, amechanganya duka na kichwa.

Kuhusu kisa kirefu kinachobebwa na kazi nzima, kama The Lamb Lies Down on Broadway ya Genesis ya mwaka 1974 au Metropolis Pt. 2 ya Dream Theater ya mwaka 1999, pwani ya Tanga ilikuwa na utaratibu wake kabla gita la kwanza halijashuka bandarini. Hemedi bin Abdallah el Buhriy, mtu wa ukanda huu, alitunga utenzi wa mamia ya beti juu ya vita vya Wadachi kutamalaki Mrima mwishoni mwa karne ya 19. Tenzi zilighaniwa mbele ya watu, saa baada ya saa, kwa mizani isiyobadilika, na hakuna aliyeondoka akilalamika kwamba haziishi. Metropolis Pt. 2, kwa taarifa ya wanaoiabudu, ina kisa chepesi cha mauaji na mapenzi kinachookolewa na upigaji. Utenzi wa Hemedi una kisa kizito zaidi.

Juu ya mapigo, wapenzi wa roki ndio wanaokosea kuliko wapinzani wao. Huamini kwamba hesabu za saba na za tano ni uvumbuzi unaohitaji elimu ambayo kijiji hakina. Money ya Pink Floyd, katika The Dark Side of the Moon ya mwaka 1973, huenda kwa saba, na hutajwa kama mtihani. Schism ya Tool, katika Lateralus ya mwaka 2001, imejengwa juu ya tano ikifuatwa na saba, jumla kumi na mbili. Mzunguko wa mapigo kumi na mawili yaliyogawanywa saba na tano ni mali ya kale ya ngoma za Afrika, na Gerhard Kubik, mtafiti wa Austria aliyefanya kazi miaka mingi Tanzania na nchi jirani, aliuandika kwa kirefu. Watu hupiga tatu dhidi ya mbili katika mdumange na ngoma nyingine za mkoa huu bila kuona kwamba wanafanya hesabu. Kinachowapa shida katika Schism ni sauti ya gita zito, na sauti huzoeleka. Mapigo yenyewe wanayo miguuni.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Discipline ya King Crimson ya mwaka 1981. Magita mawili, la Robert Fripp na la Adrian Belew, yanapiga vipande vifupi vinavyorudiwarudiwa, kila kimoja kwa urefu wake, vikiachana na kukutana tena. Wahakiki wa Ulaya waliieleza kwa kutaja muziki wa Indonesia. Msikilizaji wa Korogwe hahitaji kwenda mbali hivyo. Wilson na George Kinyonga walianza Tanga katika Jamhuri Jazz, wakapitia Arusha, wakaingia Kenya mwaka 1971 na kuunda Simba Wanyika, bendi ambayo gita la solo, gita la pili, rithimu na besi hupishana bila hata moja kupiga wimbo wote peke yake. Masikio yaliyozoea kupishana huko hupokea Discipline mara ya kwanza inapopigwa. Ni albamu bora ya kumwanzishia mtu wa Tanga, na ni ajabu kwamba wapenzi huwa wanampa kwanza mambo ya Dream Theater, ambako kasi ya vidole huficha ukosefu wa kupishana.

Hoja ya makelele haikawii kumalizwa. Anayeitoa mara nyingi ana singeli kwenye simu. Singeli ilikua katika mitaa ya Dar es Salaam kama Manzese na Tandale, huenda kwa zaidi ya mapigo 200 kwa dakika, na albamu ya mkusanyiko Sounds of Sisso ya mwaka 2017 iliifikisha kwenye matamasha ya Ulaya. Bodaboda wa Handeni anayestahimili kasi hiyo kutwa nzima hana sababu ya kimuziki ya kuikimbia Master of Puppets ya Metallica ya mwaka 1986. Uzito wa metali nao si ushetani wala wazimu; una chanzo cha kiwandani. Tony Iommi wa Black Sabbath alikatwa ncha za vidole viwili na mashine katika kiwanda cha mabati akiwa kijana wa miaka 17. Akajitengenezea vifuniko vya plastiki, akatumia nyuzi laini, baadaye akazilegeza, na sauti ikashuka na kuwa nzito. Mtu aliyekulia karibu na korona ya mkonge, akasikia mashine ile ikichana majani tangu alfajiri, ana uhusiano wa karibu zaidi na muziki huo kuliko mwanafunzi wa chuo cha muziki.

Lugha nayo ni kisingizio. Vizazi viwili vya watu wa mkoa huu vimependa nyimbo za Kilingala bila kujua Kilingala. Mario ya Franco na TPOK Jazz ya mwaka 1985 ni hadithi ndefu ambayo wengi walioicheza Tanzania hawakuielewa hata sentensi, na haikuwazuia.

Linabaki suala la dini, na hili linahitaji uaminifu zaidi kuliko wanavyolipa wapenzi wa metali. Ni kweli kwamba yapo makundi yaliyotukuza uovu waziwazi, na ni kweli kwamba Norway, kuanzia mwaka 1992, makanisa yalichomwa moto na watu wa metali nyeusi. Mzazi wa Kikristo au wa Kiislamu anayekataa vitu hivyo nyumbani kwake ana haki. Lakini hukumu hiyo haiwezi kutandazwa juu ya tawi zima. Black Sabbath wenyewe, katika Master of Reality ya mwaka 1971, waliimba After Forever, wimbo unaotetea imani ya Kikristo, kwa maneno ya Geezer Butler aliyelelewa Mkatoliki. Neal Morse aliiacha bendi yake ya progresivu, Spock's Beard, mwaka 2002 baada ya kuokoka, na mwaka uliofuata akatoa Testimony, albamu mbili nzima za ushuhuda ambazo kwaya yoyote ya Korogwe ingeelewa mpangilio wake: maisha ya dhambi, kuvunjika, kuitwa, kushukuru. Ni ndefu mno, na nusu yake ya pili inajirudia. Kosa lake, hata hivyo, ni la urefu, na Freemason hawahusiki.

Wapenzi wa roki nao wana la kujibu. Wamekubali kuwa wageni katika jambo ambalo wangeweza kuwa waamuzi. Hurudia orodha zilizotungwa kwingine, kwamba enzi ya dhahabu ilikwisha 1977, kwamba albamu ngumu ni albamu bora, kwamba The Astonishing ya Dream Theater ya mwaka 2016, yenye zaidi ya saa mbili, ni kazi ya kuheshimiwa kwa sababu ya ukubwa wake. Sikio lililofunzwa na Mlimani Park lingewaambia mapema kwamba saa mbili bila chemko moja lililostahiliwa ni mzigo. Lingewaambia pia kwamba Blackwater Park ya Opeth ya mwaka 2001 ni bora kuliko sifa zake zote, kwa kuwa pale sauti ya kunguruma na sauti laini hugawana kazi kama mwimbaji na waitikiaji, na kila utulivu unaandaa kishindo. Na lingewaelekeza karibu zaidi na nyumbani. Nairobi imekuwa na bendi za metali kwa miaka mingi, Seeds of Datura na Last Year's Tragedy zikiwamo. Duma, vijana wawili wa Kenya, walitoa albamu yao mwaka 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala, kampuni ileile iliyoibeba singeli ya Sisso, na mmoja wao, Lord Spikeheart, akafuata na The Adept mwaka 2024.

Msikilizaji wa Korogwe au Handeni anayetaka kuhakikisha haya hahitaji kuamini makala yoyote. Aanze na Simba Wanyika, aweke Discipline mara baada yake, kisha Bado Kidogo ya Afro 70 na Archimedes Badkar, na asizime kabla upande wa pili haujaisha.